MWANAMUZIKI WA JAZZ SAFARINI: SURA ILIYOSAHAULIWA KATIKA HISTORIA YA WAFANYAKAZI WETU

Utangulizi

Katika darasa moja la itikadi tuliloliendesha Ikungi, mkoani Singida, tulipitisha daftari la mahudhurio lenye safu ya jina, safu ya tawi na safu ya kazi. Mzee mmoja aliandika kwamba yeye ni mkulima wa alizeti. Wakati wa mapumziko tukapata habari kwamba mzee huyo alipiga tarumbeta katika bendi za jazz kwa muda wa miaka 13, akizunguka nchi nzima juu ya lori, na kwamba Ikungi yenyewe aliifahamu kwa mara ya kwanza alipokuja kupiga dansi. Tulimwuliza kwa nini hakulitaja jambo hilo. Alitujibu kwa utulivu kwamba safu ile iliuliza kazi, naye miaka ile hakuwa na kazi. Alikuwa mpiga muziki tu.

Jibu hilo lilitusumbua. Sisi wakufunzi hufundisha kwamba kazi ndiyo inayomfanya mtu, na kwamba kila mtu anayetoa jasho lake kwa ajili ya jamii ni mfanyakazi. Huyu hapa ni mtu aliyetoa jasho kwa miaka 13 mbele ya macho ya maelfu ya wananchi, na bado amekubali moyoni mwake kwamba hakuwa akifanya kazi. Nani aliyemfundisha hivyo? Hapana budi tujibu kwa ukweli kwamba tulimfundisha sote: wazazi waliomwita mhuni, wenye bendi waliomlipa wanavyotaka, na baadhi yetu viongozi tuliompenda jukwaani na kumsahau aliposhuka.

Makala hii inakusudia kuichunguza historia ya mwanamuziki wa jazz aliyekuwa safarini, hasa katika miaka ya wasiwasi kati ya 1973 na 1985. Hatukusudii kuwasifu waimbaji wala kuhesabu nyimbo. Swali letu ni la nadharia na la vitendo pia: Je, mwanamuziki huyu alikuwa mfanyakazi? Na kama alikuwa mfanyakazi, matunda ya kazi yake yalikwenda wapi?

Asili ya bendi za jazz

Kwanza ni lazima tueleze neno lenyewe. Katika nchi yetu neno jazz halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani Weusi wa New Orleans au Chicago. Lilikuwa ni jina walilojipa wananchi wa mijini walipounda vikundi vya kupiga dansi. Kabla ya hapo kulikuwa na ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka katika hali hiyo zilizuka klabu za dansi. Dar es Salaam Jazz ilianza katika miaka ya 1930. Mwaka 1944 ilianzishwa Morogoro Jazz, na mwaka 1948 Salum Abdallah na wenzake, pia wa Morogoro, walianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Western Jazz iliundwa Dar es Salaam na watu waliotoka magharibi ya nchi. Tabora ikawa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

Tukiitazama ramani tutaona kwamba miji mingi kati ya hiyo iko juu ya Reli ya Kati. Jambo hili si la bahati. Reli ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya kusomba mali yetu kwenda bandarini. Lakini reli ilizaa pia tabaka jipya la watu: wapakiaji, makarani, mafundi, madereva na watumishi wa majumbani. Hao ndio waliopiga muziki usiku baada ya kutumikishwa mchana, na hao ndio waliocheza. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi walikuwa wamesikia magitaa ya nchi nyingine, na sahani za santuri za Kuba ziliuzwa madukani. Wananchi walizipokea, wakazichanganya na ngoma za kwao, na kuimba kwa Kiswahili.

Mkoloni aliziona klabu hizo kuwa ni mchezo usio na madhara. Hakuelewa kwamba ndani ya klabu wananchi walijifunza kuchagua mwenyekiti na katibu, kutoza ada, kutunza hesabu, na kukaa pamoja watu wa makabila mbalimbali chini ya kanuni moja. Hayo ni mafunzo ya siasa hata kama hayakuitwa hivyo.

Suala la nyenzo: nani alimiliki vyombo?

Mtu anayetaka kuelewa hali ya mwanamuziki asianze na wimbo; aanze na vyombo. Gitaa la solo, besi, saksafoni, tarumbeta, tumba, vipaza sauti, jenereta na gari: hizo ndizo nyenzo za kazi hii. Ni ghali, hutoka nchi za nje, na mpiga muziki wa kawaida hakuweza kuzinunua. Kwa hiyo, kama ilivyo kiwandani na shambani, aliyezimiliki nyenzo ndiye aliyepanga jasho la mwenzake liende wapi.

Katika historia yetu kulikuwa na aina tatu za umilikaji. Aina ya kwanza ilikuwa klabu, ambamo wanachama walichangishana na kununua vyombo kwa pamoja. Huu ulikuwa mfano wa ushirika, lakini ulikuwa dhaifu. Chombo kikiharibika, klabu ilitetereka. Aina ya pili ilikuwa mtu binafsi, aghalabu mwenye baa au mfanyabiashara. Huyu alinunua vyombo, akawakusanya vijana, akachukua mapato ya mlangoni na kuwagawia alichoona kinafaa. Kijana akidai zaidi, aliambiwa aache gitaa aende zake. Unyonyaji ulikuwa wazi kabisa.

Aina ya tatu ndiyo iliyoletwa na uhuru na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ingawa mbegu yake ilipandwa kabla. Mwaka 1964 Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na kuwaajiri wapiga muziki kama watumishi wengine. Baada ya hapo mashirika mengi ya umma yalifuata. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1970. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz tangu mwaka 1971. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na Shirika la Bima nao wakawa na bendi zao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 ikiwa na wanamuziki kama Muhiddin Maalim Gurumo, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikahamia Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Hatua hiyo ilikuwa ya kimapinduzi. Kwa mara ya kwanza mpiga muziki alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, likizo, na mahali pa kumpeleka mtoto wake anapougua. Mtu aliyeitwa mhuni alipata kitambulisho cha kazi. Hata hivyo, hatua hiyo haikuwafikia wote. Nje ya mashirika walibaki wanamuziki wengi, na ni hao waliokuwa barabarani muda mrefu zaidi. Wengine walijaribu kujikomboa wenyewe: wanamuziki wa Orchestra Maquis, waliotoka Zaire, walijiunga katika kampuni yao iliyoitwa OMACO. Lakini mifano ya namna hiyo ilikuwa michache.

Safari za mikoani

Bendi ya Dar es Salaam haikuweza kuishi kwa Dar es Salaam peke yake. Kumbi zilikuwa chache na wapinzani walikuwa wengi. Tena mwezi wa Ramadhani ulipoingia, dansi za pwani zilisimama. Hivyo kila mwaka, hasa baada ya mavuno, bendi zilipanda magari kwenda mikoani, kwa kuwa wakati huo ndipo mkulima alikuwa ameuza mazao yake na alikuwa na fedha mkononi. Hili tuliweke wazi: safari ya bendi ilifuata msimu wa jembe. Bila mtama, karanga, pamba na ng'ombe wa mkulima hapakuwa na dansi.

Ikungi iko katika barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, yapata kilomita 40 kabla ya kufika mjini Singida. Leo ni makao makuu ya wilaya, na barabara yake ina lami. Katika miaka ya 1970 barabara hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Bendi iliyotoka Dodoma kwenda Singida, na kutoka Singida kuteremka Sekenke kuelekea Nzega na mikoa ya Ziwa, ilipita hapo. Gari lilikuwa lori la kukodi. Vyombo vilifungwa chini ya turubai, na watu zaidi ya 15 walikaa juu ya vyombo hivyo.

Mzee wetu wa tarumbeta alitueleza jinsi siku moja ya kazi ilivyokuwa. Alfajiri ni safari. Wakifika, kiongozi wa bendi huenda kutafuta kibali kwa wakuu wa mahali, na gari huzunguka vijijini na kipaza sauti kutangaza dansi. Wengine hushusha vyombo, hufunga nyaya, hujaribu jenereta. Mahali pasipo na ukumbi, uwanja huzungushiwa uzio wa mabua ya mtama ili asiyelipa kiingilio asione. Saa tatu usiku dansi huanza na kuendelea hadi karibu na mapambazuko, bila kupumzika isipokuwa kupokezana. Baada ya hapo vyombo hufungwa tena. Usingizi ni juu ya lori.

Tukihesabu saa hizo tutaona kwamba hakuna kiwanda ambacho kingekubaliwa kumfanyisha mtu kazi namna hiyo. Na malipo? Katika bendi yake, ambayo ilikuwa ya mtu binafsi, mapato ya mlangoni yalitolewa kwanza mafuta, kukodi gari, chakula na fungu la mwenye vyombo. Kilichobaki ndicho kiligawanywa. Mahali ambapo watu hawakuja, hapakuwa na cha kugawanya, na iliwahi kutokea gitaa likaachwa kwa mwenye nyumba ya wageni kuwa dhamana ya deni. Nyumbani mke na watoto walisubiri barua yenye hundi ya posta, na mara nyingine barua ilifika peke yake.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa barabara yenyewe. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata sifa akiwa na Morogoro Jazz, akaenda nayo Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970 kuiwakilisha nchi, na kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Hao ni viongozi wawili wakubwa wa muziki wa mji mmoja wa Morogoro, na wote wawili waliuawa na barabara. Mfanyakazi wa mgodini akifa mgodini twasema amekufa kazini. Hatuna budi kusema hivyo hivyo kwa hawa.

Miaka ya wasiwasi

Miaka tunayoizungumzia haikuwa miaka ya kawaida. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni kote, na ukame wa mwaka 1973 hadi 1975 ulililazimisha Taifa kununua chakula nje. Ndio wakati ambapo wananchi walikuwa wakihamia katika vijiji, na Chama kilitoa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa wanamuziki pigo hilo lilikuwa la pekee, kwa sababu viwanda vya sahani za santuri vilikuwa Nairobi. Shirika la Filamu Tanzania lilipewa jukumu la kuanzisha kazi hiyo nchini, lakini kiwanda cha santuri kilichokusudiwa hakikupata kukamilika.

Kisha ikaja Vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba tutapigana. Hapo ndipo historia ya mzee wetu inapokutana na historia ya Ikungi.

Bendi yake ilikuwa Ikungi siku hizo, ikimalizia safari kabla ya mvua. Alitusimulia kwamba dansi lililopangwa halikupigwa. Redio zilikuwa chache kijijini, na watu walikuwa wamesongamana mlangoni mwa mwenye redio bila kusikia. Kiongozi wa bendi aliamuru jenereta iwashwe, redio iwekwe mbele ya maikrofoni, na vipaza sauti vielekezwe uwanjani. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya wananchi wa hapo walivyomsikia Mwalimu. Hakuna aliyetozwa kiingilio. Siku chache baadaye lori lao lilichukuliwa kwa ajili ya vita, kama yalivyochukuliwa malori na mabasi mengi nchini. Mwenye bendi alikuwa Dar es Salaam na hakutuma fedha. Vyombo viliwekwa katika chumba cha shule, na wanamuziki waligawanywa katika kaya za wakulima.

Mvua zikaanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wahenga hawakutunga msemo huo kwa bure, na wanamuziki hawakungoja kuambiwa. Kwa muda wa majuma sita walilima pamoja na wenyeji wao, wakapanda mtama na karanga. Jioni mpiga tumba na wazee wa Kinyaturu walifundishana ngoma. Hatimaye walipata lori la mazao hadi Manyoni, na kutoka hapo wakapanda treni kurudi pwani. Mzee alituambia kwamba katika maisha yake yote ya bendi hakuna mahali walipokula kila siku isipokuwa Ikungi.

Vitabu vyetu husema sana juu ya umoja wa wakulima na wafanyakazi, na mara nyingi maneno hayo hubaki kuwa maneno ya jukwaani. Hapa tunauona umoja wenyewe. Mkulima hakumlisha mwanamuziki kwa kuwa ni mtu maarufu. Alimlisha kwa kuwa wote wawili walikuwa katika vita moja. Mwanamuziki naye hakutoa hotuba. Alitoa kipaza sauti chake, kisha akatoa mikono yake.

Baada ya ushindi wa mwaka 1979 Mwalimu alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Kama tujuavyo, dhiki ilidumu zaidi ya hapo. Gharama za vita, zinazokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, zilikutana na kupanda tena kwa bei ya mafuta. Fedha za kigeni zilipokosekana kwa dawa na vipuri vya viwandani, nani angezipata kwa nyuzi za gitaa? Uzi ukikatika uliungwa. Ngozi ya dramu ikipasuka ilishonwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari ya binafsi yalikatazwa kutembea siku za Jumapili mchana bila kibali, ili kuokoa mafuta. Bendi iliyopiga dansi Jumamosi ilibidi iondoke mapema Jumapili au ilale hapo hapo na kula akiba yake.

Hata hivyo muziki haukufa. Baadhi ya nyimbo bora za dansi nchini zilirekodiwa katika miaka hiyo hiyo ya sukari ya mgawo. Nyimbo hizo zilihimiza kilimo, zilisifu askari wetu, lakini nyingi zilisema juu ya ndoa, deni, ugonjwa, na mtoto aliyepotelea mjini. Wapo wenzetu waliosema kwamba nyimbo za mapenzi ni za kibwanyenye. Sisi tunaona kwamba walikosea. Mwananchi aliyesimama foleni kutwa nzima alitaka kusikia pia habari za nyumba yake mwenyewe, na aliyemwimbia habari hizo alimsaidia kuvumilia.

Mwaka 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, iliyokusudia kwamba kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na shughuli halali. Lengo lilikuwa kupambana na uzururaji mijini. Lakini katika utekelezaji ikaonekana tofauti tuliyoieleza juu ya nyenzo. Mpiga muziki wa shirika alionyesha kitambulisho. Mzee wetu, aliposimamishwa barabarani usiku akitoka mazoezini, hakuwa na kitambulisho cha kuonyesha isipokuwa tarumbeta. Aliambiwa kwamba hiyo si kazi, na kwamba achague kijiji cha kwenda. Yeye ni mzaliwa wa mjini, hakuwa na kijiji. Alitaja kijiji kimoja tu alichowahi kulima maishani mwake. Ndivyo alivyorudi Ikungi, akapewa shamba, akaoa, na tarumbeta ikawekwa darini.

Sisi hatulaumu juhudi za kuwataka watu wafanye kazi. Tunachosema ni kwamba katika fikra za mtekelezaji, kazi ilikuwa ni jembe, nyundo au kalamu tu. Mtu yule yule ambaye miaka mitano nyuma alikuwa ameipeleka sauti ya Taifa kwa wananchi alihesabiwa kuwa mzururaji. Kosa hilo lilikuwa la nadharia kabla ya kuwa la utekelezaji.

Matunda ya kazi

Tunarudi katika swali letu: matunda yalikwenda wapi? Katika miaka hiyo Tanzania Bara redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio yake, maneno ya nyimbo yakichunguzwa kwanza, na kanda zikahifadhiwa. Kazi hiyo imeliachia Taifa hazina kubwa, na bila redio hiyo sehemu kubwa ya historia ya muziki wetu ingepotea kama moshi. Lakini malipo ya mwanamuziki yaliishia karibu na mlango wa studio. Wimbo ulipigwa mara mia, yeye hakupata kitu kwa mara ya pili. Kaseti zilipoenea, wafanyabiashara walinakili nyimbo kutoka redioni na kuziuza madukani, na mtunzi alizinunua kama mteja mwingine.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini hakukuwa na chombo cha kumkusanyia msanii haki yake. Baraza la Muziki la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na mwaka 1984 likaundwa Baraza la Sanaa la Taifa. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyoanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, ilipitishwa mwaka 1999. Marijani Rajab, ambaye nyimbo zake ziliimbwa na nchi nzima, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1995. Kati ya Azimio la Arusha na sheria hiyo ni miaka 32. Kizazi kizima cha wanamuziki wa safarini kilikuwa kimekwisha kushuka jukwaani.

Mashirika yalipobinafsishwa na kupunguza watumishi katika miaka ya 1990, bendi nyingi za umma zilikufa pamoja na ajira zake. Chache zilidumu: NUTA Jazz, iliyopata kuwa JUWATA kisha OTTU, iliendelea kwa jina la Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliendelea na sikinde yake. Basi, hata ile njia ya tatu ya umilikaji ilikuwa na kasoro: ilimpa mwanamuziki mshahara, lakini haikumfanya kuwa mmiliki wa kazi yake. Mshahara ulipokoma, alibaki mikono mitupu.

Hitimisho

Mwaka 1962 Mwalimu aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa, akitufundisha kwamba nchi isiyo na utamaduni ni kundi la watu tu. Mwaka huo huo alitutaka tujisahihishe. Mafundisho hayo mawili ni lazima yaende pamoja. Haitoshi kuupenda utamaduni. Ni lazima tujisahihishe katika jinsi tunavyowatendea wanaoutengeneza.

Kutokana na uchunguzi huu tunathibitisha mambo matatu. Kwanza, mwanamuziki wa jazz aliyekuwa safarini alikuwa mfanyakazi kwa maana kamili: alitoa jasho, alitumia nyenzo, alizalisha kitu kilichohitajiwa na jamii, na mwenye nyenzo alichukua sehemu ya jasho lake. Pili, katika miaka ya wasiwasi alishirikiana na mkulima katika mzigo wa Taifa, ingawa hakuna aliyemwandika. Tatu, dharau ya kumwita mhuni haikuwa tusi tu; ilikuwa chombo cha unyonyaji, kwani asiyehesabiwa kuwa mfanyakazi hawezi kudai ujira wa mfanyakazi. Dharau hiyo haijaisha. Kijana wa leo anayetunga wimbo kwa kompyuta na kuusambaza kwa simu bado anaulizwa na wazazi wake atatafuta kazi lini, na bado wengine wanachuma kwa wimbo wake kuliko yeye.

Sisi wenyewe tumeanza na jambo dogo lililo katika uwezo wetu. Katika daftari letu la mahudhurio safu ya kazi sasa inauliza kazi zote ambazo mshiriki amepata kuifanyia jamii. Siku ya mwisho ya darasa tulimpelekea mzee wetu daftari. Alilitazama kwa muda, akaomba kalamu, na mbele ya neno mkulima akaongeza: tarumbeta, 1970–1983.

Maswali ya kujadili matawini

1. Katika tawi lenu kuna wazee waliopata kuwa wanamuziki, wachoraji au waigizaji? Historia zao zimeandikwa na nani?

2. Kati ya aina tatu za umilikaji wa vyombo zilizoelezwa, ipi ingeweza kumpa mwanamuziki haki yake, na kwa masharti gani?

3. Vijana wanaofanya kazi ya muziki mahali penu leo wanatumia nyenzo za nani, na matunda ya kazi yao yanakwenda wapi?